Tukimzika mtu wa nduthi, mbona tunaendesha kama tunamfuata?

Unajua vile mazishi ya mtu wa boda huwa. Jeneza liko kwenye pikap, nyuma yake pikipiki kibao zinapiga honi. Mmoja anainua tairi la mbele, mwingine amesimama juu ya kiti, helmeti hakuna. Msafara kama huo ukishuka lami kutoka Mutomo kuelekea Ikutha, mgeni anaweza kudhani ni harusi.

Sidharau heshima hiyo. Watu wa steji huchanga haraka kuliko hata jamaa wengine wa marehemu. Swali langu ni moja: matanga yakiisha, ni nini kimebadilika pale steji?

Hebu tuwaangalie watu ambao kasi ndiyo kazi yao. Kuna mchezo unaitwa spidiwei, unaopendwa sana Poland, Uingereza na Sweden. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Pikipiki ni za cc 500, zina gia moja na hazina breki. Ndiyo, hazina kabisa. Kona wanazipita kwa kuteleza.

Utasema hao ni wendawazimu. Lakini angalia: wote wanaelekea upande mmoja, hakuna lori linalokuja mbele, na kuna daktari uwanjani. Kila mmoja amefunga kamba mkononi ambayo huzima injini akianguka. Na bado wanakufa. Mei 2012, Mwingereza Lee Richardson, miaka 33, alifariki baada ya kuanguka kwenye mashindano mjini Wrocław, Poland. Agosti 2015, Mwaustralia Darcy Ward alivunjika uti wa mgongo mjini Zielona Góra, akapooza.

Mashabiki wao pia hulia na kunyamaza dakika moja. Ila hawaishii hapo. Watu huuliza: aligonga nini? Uzio ulikuwa wa aina gani? Ndiyo maana viwanja vingi sasa vina uzio uliojazwa hewa kwenye kona, na Uingereza kuna mfuko maalum wa kuwasaidia walioumia. Kumbukumbu yao unaweza kuigusa kwa mkono.

Sasa rudi Mutomo. Zamani njia ya Kibwezi hadi Kitui ilikuwa vumbi na mashimo, na mashimo yenyewe yalikupunguzia mwendo utake usitake. Siku hizi ni lami laini. Lakini mbuzi hawajahama, punda wa mitungi ya maji bado wanavuka, na malori yanapita humo humo. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 40 hadi 80, umbali wa kusimama baada ya kufinya breki unakuwa karibu mara nne. Punda hajui hesabu hiyo. Wewe unaijua.

Mwaka 2024, NTSA ilihesabu vifo 4,748 katika barabara za Kenya. Watu wa pikipiki ni kati ya makundi yaliyopoteza watu wengi zaidi, pamoja na wanaotembea kwa miguu. Sheria inataka abiria mmoja tu, na helmeti kwa wote wawili. Ukipita steji, helmeti utaiona sawa, lakini imevalishwa tangi la mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti nzuri ikivaliwa inavyofaa inapunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Ya kwenye tangi inapunguza sifuri.

Tusimlaumu dereva peke yake, lakini. Wengi wanaendesha nduthi ya mwenyewe anayengoja hesabu jioni, au ya mkopo. Kila dakika barabarani ni pesa, na abiria ndiye wa kwanza kusema, "Ongeza kidogo, nimechelewa." Abiria huyo ni mimi na wewe.

Ndiyo maana naamini steji inaweza kufanya kile ambacho polisi wa kizuizini hawajaweza. Ina mwenyekiti, ina mchango, ina sheria za foleni ambazo hakuna anayethubutu kuvunja. Chama kinachoweza kununua jeneza kwa siku mbili kinaweza kununua helmeti mbili kwa kila mwanachama kwa miezi kadhaa. Kinaweza kuandika daftari: fulani alianguka wapi, saa ngapi, aligonga nini. Kona moja ikijirudia mara tatu kwenye daftari, mnalipeleka kwa MCA na kudai matuta au taa.

Na mazishi yajayo, kwa sababu yatakuja, ukiwa nyuma ya pikap ile funga mkanda wa helmeti chini ya kidevu na uende polepole. Mama yake marehemu yuko ndani ya gari la mbele. Akigeuka nyuma, asione mwingine akijiandaa.