Kombora Halina Akili, Jamani

Kuna maneno yananikera kila ninapoyakuta kwenye habari za nje: "kombora lenye akili". Yanatoka kwenye taarifa za majeshi, tunayatafsiri, tunayachapa, basi. Nani kauliza hiyo akili ni ya nani?

Chukua HARM, kombora la Kimarekani linalorushwa kutoka kwenye ndege za kivita. Kazi yake ni kuua rada. Rada ikiwashwa kuitafuta ndege hutoa mawimbi, nalo kombora huyafuata hadi yanakotoka. Anayewasha rada anajichongea. Wenye rada wakajifunza kuizima haraka. Watengenezaji wakalipa kombora uwezo wa kukumbuka pale ilipokuwa. Ufundi mkubwa, sikatai.

Sasa sikiliza. Aprili 28, 1999, wakati NATO inaishambulia Yugoslavia, HARM moja ilipiga nyumba Gorna Banya, kitongoji cha Sofia. Sofia ni mji mkuu wa Bulgaria, nchi ambayo haikuwa vitani! Bahati tu kwamba hakuna aliyekufa. Machi 24, 2003, huko Iraq, F-16 ya Marekani ikarusha HARM na kuipiga rada ya makombora ya Patriot. Rada ya nani? Ya Wamarekani wenyewe. Siku moja kabla, Patriot ilikuwa imeitungua Tornado ya Uingereza na kuwaua wanajeshi wawili waliokuwemo.

Kombora halijui bendera wala mpaka. Linajua mawimbi.

Najua kuna watakaosema silaha hii inaokoa marubani, na ni afadhali kuliko kumwaga mabomu ovyo. Kweli, rubani anayelengwa ana sekunde chache za kuamua. Lakini anayeamua ni yeye, pamoja na waliomtuma. Tukisema kombora lina akili tunawavua lawama wote hao, na nyumba ya watu inageuka kuwa "hitilafu ya mtambo".

Maneno haya hayajapitwa na wakati. Mwaka 2022 Ukraine ilianza kurusha HARM kutoka kwenye MiG-29 zilizoundwa enzi za Kisovieti, na taarifa zikaja na sifa zilezile.

Waandishi wenzangu, tuandike silaha ni ipi, nani kairusha, imetua wapi na nani alikuwa pale. Akili tuwaachie binadamu, maana hao ndio tunaoweza kuwauliza maswali. Au mnasemaje?