Kidonge cha gesi kwenye mahindi: jua kinachoingia na kinachotoka

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara wa mazao, kila tukimaliza kuvuna hapa Katavi naulizwa swali lilelile: "Bwana shamba, vile vidonge vya gesi niweke vingapi kwenye gunia?" Naomba tuanze na swali lingine: kinaingia nini, na kinatoka nini?

Kidonge kile kina aluminiamu fosfaidi. Kikiwa kwenye chombo chake kilichofungwa vizuri, kimetulia. Kikikutana na unyevu wa hewani au wa mahindi, mmenyuko unaanza. Vinavyoingia ni kidonge na unyevu. Vinavyotoka ni vumbi la kijivu na gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa karibu gramu 1 ya gesi. Gesi hiyo ndiyo inayomuua dumuzi, na haichagui: inaua pia mtoto aliyelala karibu na gunia. Gunia la kawaida linapitisha hewa, kwa hiyo gesi inaingia chumbani. Usisubiri harufu ikuonye, na ujue kwamba mtu akishaivuta, hospitali hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini.

Ndiyo maana napinga kabisa biashara ya kuuza kidonge kimojakimoja mnadani, kimeviringishwa kwenye gazeti. Gazeti halizuii unyevu. Mmenyuko unaanzia mfukoni mwa mteja, na maelekezo yamebaki kwenye chombo dukani. Ndugu mfanyabiashara, faida ya kidonge kimoja hailingani na msiba. Kazi ya gesi ni ya ghala linalozibika, lisilolaliwa na watu, chini ya mtu aliyefundishwa.

Najua utaniambia: "Bwana shamba, ghala sina, mahindi nalala nayo." Basi tumia mfuko wa kinga njaa. Huo nao unafanya kazi kwa hesabu ileile. Dumuzi anahitaji oksijeni ili aishi, na anachotoa ni hewa ukaa. Ukiufunga mfuko kila tabaka peke yake, oksijeni iliyomo inapungua na mpya haiingii. Kinachoingia kikiisha, dumuzi hali, hazai, anakufa. Hakuna sumu iliyotoka.

Mfuko huo una bei kuliko kidonge, sikatai. Lakini usipotoboka unautumia tena msimu ujao.

Kabla ya kufunga, hakikisha mahindi yamekauka, unyevu usizidi asilimia 13. Huna kipimo? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Na kama vidonge viko ndani kwako leo, usivitupe kwenye maji wala chooni. Maji ndiyo yanayoitoa gesi. Vitoe nje ya nyumba, mahali pakavu watoto wasipofika, kisha mwite afisa ugani wa kata yako.