Nani Kasema Mtu wa Sayansi Haandiki?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, hukumu husambaa hapa Tunduma, mkoani Songwe, haraka kuliko bei ya mahindi. Huyu hajui kuandika, aende PCM, akasome fizikia, kemia na hisabati. Yule ana maneno mengi, HKL, yaani historia na lugha, inamtosha. Wazazi husema hivyo, walimu nao huitikia, na kijana aliyepangiwa fizikia hujiona amesamehewa kalamu.

Hukumu hiyo ni ya uongo, na ushahidi hauko mbali. Uko kijijini Ndolezi, wilayani Mbozi, mahali kilipolala kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16 na urefu wa mita 3 hivi. Mpeleke pale mwanafunzi wa fizikia umwambie akitafutie uzito. Mzani wa kukibeba hana. Itambidi apime ujazo wake, auzidishe kwa uzito wa kila mita ya ujazo ya chuma cha namna hiyo, kisha aandike alipimaje, umbo lilimsumbua wapi na jibu lake laweza kukosea kwa kiasi gani. Namba bila maelezo hayo ni uvumi tu. Wa kemia atajenga jedwali: chuma takriban asilimia 90, nikeli kati ya 8 na 9, na atalazimika kusema vipimo hivyo vilipatikanaje.

Wa historia ana kesi nyingine kabisa. Maandishi yanasema kimondo kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Kiligunduliwa na nani, ilhali wenyeji walikuwa wakikijua? Hapo hapimi kitu kwa futi. Anakaa na wazee, anasikiliza, analinganisha simulizi na maandishi, halafu anaamua neno la nani lina uzito na kwa nini. Mwenzake wa Kiswahili anaweza hata kukipa kimondo sauti kijisemee. Akiuhamishia utundu huo kwenye taarifa ya maabara, atapata sifuri, na itakuwa haki yake.

Kwa hiyo hata wale wanaodhani bingwa wa insha anaweza kuandika lolote wamekosea. Kalamu ni moja, kazi zake nyingi, na kila somo lina namna yake ya kutafuta na ya kusema.

Atakayebisha kwamba mtu wa sayansi huandika akumbushwe habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule ambao haukuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, swali lake likageuzwa mzaha darasani. Hakuliacha. Alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1969 habari hiyo ikachapishwa katika jarida la Physics Education, Mpemba mwenyewe akisimulia alichokiona na alichokijaribu. Wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo lile. Lakini wangebishana juu ya nini kama yule mtu wa sayansi asingeandika?

Kuna jambo moja la kuwatetea vijana. Wengi wanaoitwa wazito wa kuandika wamekwamishwa na lugha. Nyumbani ni Kinyamwanga au Kinyiha, sokoni Kiswahili, na taarifa ya jaribio inadaiwa kwa Kiingereza. Mtoto anayejua kwa nini rangi imebadilika kwenye chupa, ila amekosa kitenzi, haponi kwa kuambiwa kwamba kuandika si fani yake. Anahitaji mwalimu wa kemia amfundishe sentensi za kemia. Mara nyingi kazi hiyo husukumiwa mwalimu wa lugha, ambaye hajashika chupa ya maabara tangu alipokuwa mwanafunzi.

Jiografia nayo ina uandishi wake: utafiti ni mada ya somo hilo sekondari, na Tunduma ina foleni ya malori ya kuhesabiwa mchana kutwa. Lakini watoto wetu wanainakili mada hiyo kutoka ubaoni. Walimu wa Songwe, wapelekeni barabarani na madaftari. Na nyie wa fizikia, taarifa za maabara zikija mezani wiki hii, msisahihishe majibu peke yake. Pitisheni wino mwekundu kwenye sentensi pia.