MASIKIO YANAYOLIA SI MZAHA



Katika mkutano wa tawi uliopita mwenzetu mmoja aliomba chumba cha ofisi mara moja kwa mwezi, ili wale ambao masikio yao yanalia wapate kukutana. Watu walicheka. Mmoja akasema, "Ngoma ya nini, na muziki mnao tayari?" Sisi wenye ugonjwa huo tulinyamaza, na kunyamaza huko kunatutia haya mpaka leo.

Madaktari huuita tinitasi. Mtu husikia filimbi, au mvumo, au nyenje, wala nje hapana kitu. Kwetu sisi wa karakana na wa injini asili yake si siri: ni nyundo, ni honi, ni dizeli, miaka kwa miaka. Ndani ya sikio mna vijinywele vidogo mno vinavyopokea sauti, na kelele ikiviua havioti tena. Mchana mtu hufanya kazi yake. Usiku, nyumba ikitulia, ndipo gari linapopita kichwani, nalo halina stesheni. Mkewe hasikii neno. Wengine hudhani wamerogwa, wengine hunywa pombe wapate usingizi. Dereva hathubutu kumwambia daktari wa kazi, asije akaondolewa kwenye injini.

Ninyi mliocheka, mtu huyu aende wapi? Dawa ya kuizima sauti hiyo kabisa haijapatikana. Huko Uingereza wagonjwa waliunda chama chao mwaka 1979, wakisaidiwa na Jack Ashley, Mbunge aliyepoteza kusikia kwake mwaka 1967. Huyu aliacha shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi kiwandani, akawa mwakilishi wa wafanyakazi. Yeye hakucheka.

Katika kukaa pamoja mtu hujifunza. Mmoja atasema alale na redio ikilia polepole, maana kimya kitupu huikuza sauti. Mwingine atakumbusha kwamba kwinini, au aspirini nyingi, huweza kuileta, na kwamba pengine ni nta tu. Na anayesikia sauti sikio moja tu, au aliyeziba ghafula, ataambiwa aende hospitali upesi, asingoje kikao.

Sasa tunasikia msimamizi mmoja amefurahi, ati ni vema watu wajisaidie. Hapana, bwana. Hatukutani ili kukupunguzia mzigo. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zasema mfanyakazi asikae katika kelele ipitayo desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na ikipita 85 mwajiri lazima awe na mpango wa kuyalinda masikio. Mpango huo uko wapi? Vizibo vya masikio tuliviona siku ya ukaguzi, kesho yake vikafungiwa stoo.

Mmoja akilalamika huambiwa ni uzee. Ishirini wa karakana moja wakiandika majina yao, na miaka waliyofanya kazi, huo utaitwa uzee gani? Karatasi hiyo twataka ipelekwe na Katibu wa tawi mwenyewe, si na wagonjwa mlangoni kwa mkubwa.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi baada ya mshahara, saa nane, ofisi ya tawi. Wake waje pia. Redio ya ofisi iachwe ikilia polepole.

Sisi wa Karakana