Taa peke yake haitoshi



Siku ya posho iliyopita, sisi wa mwaka wa tano tulishuka ku miguu toka Kanyaruchinya mpaka ku ziwa, pamoja na mwalimu wetu wa jiografia. Alikuwa ametufundisha juu ya rasi na minara ya taa. Alitueleza ule wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, uliojengwa mwaka 1904 ili mabato yasigonge miamba usiku. Tukasema: twende tuone kama na sisi tuko na wetu.

Tulifika ku mlima Goma, ule mlima mdogo wa volkano ya zamani unaosimama pembeni ya maji. Tukaangalia huku na huku; mnara hatukuuona. Mmoja wetu akageuka nyuma, akaonyesha Nyiragongo: «Mnara wetu si ule?» Tukacheka. Lakini ule moto haukuwashwa kwa kuongoza mtu. Mwaka 1977, 2002 na 2021 ulishuka, ukaunguza nyumba za watu.

Jioni wavuvi wa sambaza wakaanza kutoka na taa zao, mitumbwi mitatu-mitatu imefungwa pamoja. Paka hizo taa ndizo tulizoziona.

Njiani tulibishana sana. Wengi walisema: tujengewe mnara, basi. Ni neno zuri, hatulikatai. Lakini tukumbuke tarehe 3 Oktoba 2024. Bato lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, na makumi ya watu walikufa. Haikuwa usiku. Ilikuwa mchana kweupe, watu wa pwani wakiliona kwa macho yao. Walionusurika walisema lilijaa kupita kiasi. Mnara gani ungewasaidia?

Hatuwahukumu wale marehemu. Vita vilikuwa vimefunga barabara, njia ilibaki ziwa tu. Lakini sisi wenyewe je? Wenzetu wa Minova, Kalehe na Idjwi hupanda bato kila mwisho wa likizo. Wanaona limejaa, wanapanda tu. Juu ya nini? Juu wanaogopa kuchelewa na kupata azabu. Na kijana akitaka kushuka, wenzake wanamucheka: «Wee muoga!»

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, wanaopitia ku ziwa wasafiri kikundi kimoja, pamoja na mtu mzima mwenye kuweza kusema: hili limejaa, tungoje lingine. Pili, tunawaomba wakubwa wa shule kwa heshima: mwanafunzi aliyechelewa siku moja kwa sababu alikataa bato lililojaa, asifukuzwe darasani.

Mnara wa mawe unaomba feza nyingi, na pengine tutaungoja miaka. Ruhusa ya kuchelewa siku moja haiombi hata senti.

Ninyi wasomaji mnasemaje? Tunangoja majibu yenu.