Vipepeo wa Msitu wa Sokoke



Mwezi huu twapenda kuwapa habari za vipepeo, maana wako wasemao ya kuwa viumbe hawa ni wa kuchezewa na watoto tu. Sisi twalikwenda kuwatafuta siku nzima katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio karibu na Gede, pwani ya Kenya. Twalichukua kamera, wala si wavu. Kwa maana kipepeo adimu akiuawa hazai tena, bali akipigwa picha huenda zake akataga mayai.

Kazi hii yataka saburi. Asubuhi, jua lisipopata nguvu bado, kipepeo hukaa juu ya jani na kukunjua mabawa apate joto. Huo ndio wakati wa kumkaribia. Mtu na aende polepole, akichutama, wala asimtupie kivuli, kwani huruka mara moja. Wale wenye nguvu, jamii ya Charaxes, hukaa juu mitini wala hawajali maua; hushuka kunyonya matunda yaliyooza na mavi ya ndovu. Atakaye kuwaona na awangoje hapo, asione haya.

Hasa twalimtafuta jike wa Papilio dardanus. Dume ni wa manjano, ana mikia katika mabawa ya nyuma, naye huonekana upesi. Jike wa huku hana mkia. Wako waliovaa weusi na weupe mfano wa Amauris, kipepeo mchungu ambaye ndege humkataa. Hivyo ndege humwacha na jike huyu, wakidhani ni yule mchungu. Twaliwafuata wengi hata adhuhuri, na wote walikuwa Amauris, wenye vitone vyeupe kifuani. Saa tisa akatokea mmoja kivulini, akazunguka kijiti cha jamii ya mndimu, akapinda tumbo, akaacha yai moja juu ya jani. Ndipo tulipomtambua, kwa kuwa Amauris hatagi katika miti ya jamii hiyo. Tukapata picha moja tu.

Basi, pasipo mti ule hapana kipepeo. Zamani wakulima wengi wa kando ya msitu huu walitaka ukatwe wapate mashamba. Wala hawakulaumika, maana wanyama wa humo walikula mazao yao, na faida waliyoiona ilikuwa chache. Mwaka 1993 ilianzishwa huko Gede kazi iitwayo Kipepeo. Wakulima wakafundishwa kulea viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na pupa wao wakauzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Fedha ikaingia nyumbani, na mti uliosimama ukawa na thamani machoni pa watu.

Nanyi wazazi, mtoto akileta kiwavi kutoka mlimauni, msimwamuru amponde. Mpeni chombo chenye matundu, achume kila siku majani ya mti ule ule, amlishe na kumtazama hata siku atakapotoka na mabawa. Kisha na amwache aende.