Leseni za Teksi: Wananchi Wasikilizwe Kwanza

Mji wa Rumonge huishi kwa ziwa, na huishi pia kwa barabara. Samaki wakishafika ufukoni, na mawese yakishatoka shambani, hapana budi yapatikane magurudumu ya kuyafikisha sokoni au kwenye Barabara ya Taifa namba 3, itokayo Bujumbura na kupita Rumonge hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Kazi hiyo ni ya mwenye baiskeli, mwenye pikipiki, mwenye bajaji na dereva wa teksi. Kwa sababu hiyo, leseni ya teksi katika mwambao huu si karatasi tu. Ni chakula cha jamaa nyingi, na ni usalama wa kila apandaye.

Tunalitaja jambo hili sasa kwa kuwa ramani ya utawala imebadilika. Rumonge, iliyokuwa mkoa tangu 2015, leo ni komini katika mkoa wa Burunga, baada ya nchi kupunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Halmashauri za komini zilizochaguliwa Juni 2025 zina eneo kubwa na watu wengi zaidi kuliko zile za zamani. Ofisi ikiwa mbali na mwananchi, haina budi kumfuata alipo ili imsikie. Kanuni ya leseni iliyoandikwa mezani, bila kusikia sauti ya kituoni, huenda ikawa nzuri kwa maandishi na mbaya kwa maisha.

Mfano haupo mbali. Tarehe 21 Machi 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji la Bujumbura. Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama na ajali, na hakuna mwenye busara atakayezidharau. Lakini muda uliotolewa ulikuwa mfupi. Wafanyakazi wengi walijikuta wakitembea kwa miguu asubuhi na jioni, na foleni za kungojea basi zikarefuka. Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Twayaandika kwa sababu hata amri yenye nia njema huacha maswali ambayo ni nafuu kuyauliza kabla kuliko baada. Kamanda mwema hupeleleza ardhi kwanza, ndipo hutoa amri.

Wala tusieleweke kwamba tunatetea fujo. La hasha! Pikipiki inayobeba abiria watatu bila kofia ngumu, baiskeli isiyo na taa usiku, gari dogo aina ya Probox lililosheheni watu kupita kiasi: hayo yote ni hatari, na mwenye kuyatenda asitegemee huruma. Barabara yetu imebanwa kati ya mlima na maji. Wakazi wa Gitaza hawajasahau maporomoko ya Machi 2015 yaliyoua watu na kuikata barabara hiyo. Mradi wa kuitengeneza sehemu ya Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, uliidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Nasi tunajua kwamba barabara ikinyooka mwendo huongezeka, na mwendo usio na nidhamu huzaa misiba.

Basi wananchi waulizwe nini? Kwanza, idadi. Leseni zikiwa chache mno, zitageuka bidhaa ya kuuzwa kwa siri. Zikiwa hazina kikomo, madereva watagombania abiria na kupakia kupita kiasi. Pili, ada. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, pikipiki imeweza kulala siku nyingi bila kazi. Je, ni haki mwenyewe alipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja? Na baiskeli, isiyohitaji hata tone la petroli, ilipe sawa na gari? Tatu, mwenye leseni ni nani? Vijana wengi huendesha chombo cha mtu mwingine na kumpelekea fedha kila siku. Adhabu ikimwangukia kijana peke yake, tajiri hatajali breki wala bima.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Mapendekezo yasomwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili, sokoni na bandarini, siyo kubandikwa tu katika ukuta wa ofisi. Wavuvi wa ndagala hukesha ziwani kwa taa usiku wa giza. Anayetaka kuwasikia na aitishe mkutano siku za mbalamwezi, wanapopumzika. Akina mama wauza samaki, watu wenye ulemavu, na waliopata kutafuta chombo usiku wa manane kumpeleka mzazi hospitalini, wote wapewe nafasi sawa na wenye magari. Polisi nao waeleze ajali hutokea wapi na saa ngapi.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilianzisha mwaka 2019 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, pamoja na baraza la kuwasemea watumiaji wa usafiri. Kabla ya nauli za mabasi kubadilishwa, huitishwa mikutano ya wadau, wenye mabasi na abiria wakasema mbele ya watu. Si kila aombaye hupewa, lakini kila mmoja husikika.

Nasi tunao urithi wetu. Mushingantahe hakupata heshima kwa kupiga kelele. Aliketi, akasikiliza pande zote mbili, ndipo akatoa neno. Halmashauri itakayofuata njia hiyo, ikayaandika maoni iliyoyakubali na kueleza kwa nini imeyakataa mengine, itapata haki ya kudai utii kamili. Nao waendeshaji, wakishasikilizwa, hawatakuwa na kisingizio. Kanuni itakuwa yao pia, na kuivunja kutakuwa kuvunja ahadi yao wenyewe.